Mwenye duka anajua hesabu



Katika maduka mengi madogo ya vijijini, na ya Gitting chini ya Mlima Hanang yamo, hubandikwa kipande cha karatasi ukutani juu ya rafu ya sabuni. Huandikwa kwa kalamu nene: "Kukopa harusi, kulipa matanga," au "Leo fedha taslimu, mkopo kesho." Chini ya karatasi hiyo hiyo, juu ya kaunta, hulazwa daftari la madeni. Mteja huingia, husalimia, huulizia hali ya mgonjwa aliyeko nyumbani, huchukua kilo ya sukari na mche wa sabuni, kisha husema neno moja tu: "Andika." Na mwenye duka, aliyeibandika karatasi ile kwa mkono wake mwenyewe, huandika.

Kwa nini huandika? Jibu lililozoeleka maofisini ni kwamba hajui. Hajui kutunza vitabu vya hesabu, hajui kutenganisha mtaji na faida, hajui maana ya mzunguko wa fedha. Kwa hiyo na apelekwe semina. Jibu hilo lina ukweli kidogo na kasoro kubwa. Mwenye duka huyo, akiulizwa ghafla, hutaja bila kutazama popote bei ya jumla ya katoni ya sabuni huko Katesh, nauli ya mzigo, na kiasi anachobakiza kwa kila mche. Hesabu anazo. Kinachomshinda ni saa ile ambapo hesabu zinasema jambo moja na moyo unasema jingine, na mbele yake amesimama mtu ambaye kesho watakaa mkeka mmoja msibani.

Thamani ya semina haikataliwi. Watafiti watatu wa Norway, Berge, Bjorvatn na Tungodden, waliipima jijini Dar es Salaam miongoni mwa wafanyabiashara wadogo waliokuwa wakopaji wa shirika la PRIDE Tanzania. Wengine walipewa mafunzo ya biashara, wengine ruzuku ya fedha, wengine vyote viwili, na wengine hawakupewa chochote ili wawe kipimo. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, mafunzo yaliinua sana biashara za wanaume, lakini kwa wanawake yaligusa kidogo. Ruzuku ya fedha peke yake haikuonyesha nguvu hiyo. Somo lilikuwa moja kwa wote, na waliolisikiliza walikuwa tayari wafanyabiashara. Lakini waliporudi makazini na majumbani mwao hawakurudi mahali pamoja. Mwenye maarifa hukuta nyumbani mambo ambayo hayamo katika daftari la semina: hofu, haya, madai ya jamaa, na njaa ya leo.

Mambo hayo ndiyo yanayochunguzwa na elimu ya nafsi, yaani saikolojia. Kwa muda mrefu wanauchumi walimchora mwanadamu kama mizani: weka faida upande huu, gharama upande ule, naye atainama kunakostahili. Mwaka 1979 wanasaikolojia wawili, Daniel Kahneman na Amos Tversky, walichapisha katika jarida la Econometrica makala iliyoitikisa picha hiyo. Walionyesha kwamba mtu hapimi mali yake yote kwa jumla. Hupima kuongezeka na kupungua kwake, akianzia pale aliposimama leo, na katika kupima huko uchungu wa kupoteza huwa mzito kuliko utamu wa kupata. Majaribio mengi yaliyofuata yaliukadiria uchungu huo kuwa karibu mara mbili ya utamu. Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi mwaka 2002. Tversky alikuwa amefariki mwaka 1996, na tuzo hiyo hawapewi marehemu.

Jambo hili likishushwa kutoka vitabuni hadi kaunta, huonekana hivi. Mwenye duka ana shilingi 60,000 mkononi. Akiongeza katoni moja ya mafuta ya kula, huenda akapata 8,000 zaidi kwa mwezi. Akikosea, mafuta yatakaa rafuni na fedha yake itakuwa imefungwa. Elfu nane ya kupata haioni vizuri; elfu sitini ya kufungwa anaiona usiku kucha. Anaacha kununua. Kesho yake mteja anaulizia mafuta, anaambiwa yamekwisha, anakwenda duka la pili, na huko ananunua pia chumvi na kiberiti. Hasara hiyo haiandikwi popote. Michael Kremer na wenzake walilitazama jambo kama hili katika maduka madogo ya magharibi ya Kenya, katika utafiti uliotolewa mwaka 2013. Waliona kwamba wenye maduka wengi wangeweza kupata faida kubwa, iliyopita kwa mbali riba ya benki, kwa kuongeza tu bidhaa zilizokuwa zikiwaishia, kama vocha za simu. Wale walioogopa zaidi hasara ndogo katika michezo ya kubahatisha waliyochezeshwa na watafiti ndio waliokuwa na bidhaa chache zaidi madukani mwao.

Hofu hiyo hiyo hugeuka ikawa ukaidi. Mchuuzi wa nafaka amenunua mahindi kwa shilingi 80,000 kwa gunia akitarajia bei ipande. Bei inashuka hadi 65,000. Akiuza, hasara itakuwa imetamkwa. Asipouza, hasara bado ni uvumi. Basi anangoja. Anangoja mwezi wa kwanza na wa pili, na ghalani dumuzi hangoji. Mdudu huyo, ambaye watu wengi humwita Scania, aligunduliwa mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 akiwa ametoka bara la Amerika, na tangu hapo amekwisha kula mtaji wa watu wengi waliokuwa wakingoja bei irudi ilikokuwa. Soko halikumbuki gunia lilinunuliwa kwa kiasi gani. Mwenye gunia ndiye anayekumbuka, na kumbukumbu hiyo humgharimu.

Hata hivyo, haifai mtumishi aliye na mshahara wa kila mwezi kumcheka mchuuzi kwa kuogopa. Alfajiri ya Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang baada ya mvua kubwa, yakapita Gendabi na kuingia Katesh. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Nyumba zilibomoka, na maduka ambayo jana yake yalikuwa na mali yalijaa tope. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Katika nchi ambamo mvua inaweza kukosekana mwaka mmoja na kuteremsha mlima mwaka wa pili, na ambamo duka dogo kwa kawaida halina bima, mtu anayegawa mali yake katika vifungu vidogo na kukataa kuiweka yote rafuni ana sababu zake. Kosa huanza pale hofu iliyo halali kwa mambo makubwa inapotumiwa pia kuamua mambo madogo, kama katoni moja ya mafuta.

Sababu hizo zinaeleza pia jambo jingine ambalo maofisa wengi hulitazama kwa dharau, nalo ni ng'ombe. Katika Mbulu na Hanang, kwa Wairaqw na kwa Wadatoga, ng'ombe ni akiba, ni heshima, ni mahari, na ni kamba inayofunga ukoo na ukoo, kwani wapo wanaotunziwa mifugo yao katika maboma ya marafiki walio mbali ili ugonjwa au ukame usiwamalize wote kwa pigo moja. Mtaalamu huja na kushangaa: mtu huyu ana ng'ombe sita bomani, na bado anakopa shilingi 100,000 kwa riba kali ili alete bidhaa dukani! Kwa nini asiuze ndama?

Mwanauchumi Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2017, alionyesha kwamba watu wote, na Wamarekani wenye akaunti benki wakiwemo, hugawa fedha zao katika mifuko ya akilini. Hii ni ya chakula, hii ya karo, hii haiguswi. Shilingi ya mfuko mmoja hukataa kuhamia mfuko mwingine hata pale ambapo kuhamia kungeokoa fedha. Ng'ombe ni mfuko usioguswa. Kwa hesabu tupu ni kosa kukopa kwa riba huku akiba imelala. Lakini ng'ombe ana sifa moja ambayo noti haina: hawezi kukatwa kipande leo jioni kwa sababu shemeji amekuja. Ni kufuli yenye miguu minne. Anayemshauri mwenye duka amwuze ng'ombe na aweke fedha sandukuni, amwambie kwanza ni nani atakayeilinda fedha hiyo dhidi ya mwenyewe.

Kwamba watu huitafuta kufuli kwa hiari, ushahidi upo karibu. Huko Bumala, wilayani Busia nchini Kenya, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwawezesha wachuuzi wadogo kufungua akaunti katika benki ya kijiji bila malipo ya kufungua. Akaunti hiyo haikulipa riba, tena ilitoza ada kila mtu alipotoa fedha. Kwa hesabu ya kawaida ilikuwa mali inayopungua. Wanawake wengi wa sokoni waliitumia, wakaweka akiba, na fedha walizoziingiza kila siku katika biashara zao ziliongezeka kwa zaidi ya theluthi moja, kama matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yanavyoeleza. Kwa wanaume waliobeba abiria kwa baiskeli haikuonekana tofauti. Ada ile ya kutolea fedha, ambayo mtaalamu angeiita kasoro, ndiyo iliyowapa akina mama jibu la kumpa anayeomba: fedha ziko benki.

Utafiti mwingine wa magharibi ya Kenya, wa Pamela Jakiela na Owen Ozier, uliotoka mwaka 2016, unaingia ndani zaidi. Watu walipewa fedha na kuachiwa wachague namna ya kuzitumia katika mchezo wa uwekezaji. Wanawake walioambiwa kwamba fungu lao litajulikana hadharani, hasa wale ambao jamaa zao walikuwapo, walikubali kupata kidogo zaidi mradi mapato yao yasionekane. Yaani walilinunua giza kwa fedha. Asiyewahi kuwa na duka kijijini ataona ni choyo. Mwenye duka haoni hivyo.

Mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa, ambao nchini Tanzania huitwa VICOBA, umejengwa juu ya ujuzi huo huo wa tabia za watu. Chimbuko lake ni vikundi vya wanawake vilivyoanzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti; halifunguliwi isipokuwa mbele ya kikundi. Watu husema kufuli hizo ni za kumzuia mwizi. Mwizi angebeba sanduku zima. Kufuli zile humzuia mwenye fedha, siku ya Jumatano, saa mbili usiku, moyo wake unapomwambia kwamba kesho atarudisha.

Sasa yafaa kurudi kwenye daftari lililo juu ya kaunta, maana hapo ndipo walimu na watumishi wanapohusika.

Chukulieni duka lenye mtaji wa shilingi 400,000. Mali yake huzunguka mara nne kwa mwezi, na kila mzunguko huacha faida ya kumi kwa mia. Duka hilo likifanya kazi kwa mtaji wake wote hupata shilingi 160,000 kwa mwezi. Lakini katika daftari mna madeni ya 250,000. Mtaji unaozunguka kwa kweli ni 150,000, na faida ni 60,000. Shilingi 100,000 za kila mwezi zimetoweka, na hakuna aliyeziiba. Wadaiwa hawatozwi riba, kwa hiyo huamini kwamba wamesaidiwa bure. Mwenye duka naye hukaa akijilaumu kwamba biashara siku hizi ni ngumu.

Ni nani aliyemo katika daftari hilo? Mkulima yumo, naye deni lake hufuata msimu. Jamaa wa mwenye duka yumo, naye deni lake hufuata ukoo, aghalabu halilipwi. Na yumo mtumishi: mwalimu, mganga, karani, ofisa ugani. Huyu ana sifa inayomfanya akopeshwe kwa urahisi kuliko wote, kwa kuwa mshahara wake unajulikana na tarehe yake inajulikana. Kwa sababu hiyo hiyo huandikiwa kiasi kikubwa kuliko wote. Mwisho wa mwezi anapokuja na nusu ya deni, mwenye duka hufanya nini? Mkulima anaweza kukumbushwa kwa mzaha njiani. Mwalimu ndiye anayemfundisha mtoto wa mwenye duka. Mganga ndiye atakayempokea mama mkwe wake usiku. Ulimi unakuwa mzito. Haya, ambayo ni uzuri wa mtu, inageuka kuwa kodi anayotozwa mnyonge na mwenye cheo, bila mwenye cheo kukusudia, na mara nyingi bila yeye kujua.

Kubadili mwenye duka hakubadili hali hiyo. Wakati wa Operesheni Maduka ya mwaka 1976, maduka ya watu binafsi vijijini yaliamriwa yafungwe ili nafasi zao zichukuliwe na maduka ya ushirika na ya vijiji. Bidhaa zikaadimika na haukupita muda mrefu amri ikalegezwa. Mengi yameandikwa juu ya ugavi na usafiri katika operesheni ile, na ni kweli. Lakini mwuzaji wa duka la kijiji naye alikuwa mtu wa kijiji, mwenye shangazi na mwenye mwalimu wa mwanawe.

Wapo pia watumishi ambao wenyewe ni wenye maduka. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi, na watumishi wa vyeo vya kati na vya juu wakiwemo, kuwa na mishahara miwili, hisa au nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa Zanzibar mwaka 1991. Katikati ya miaka hiyo mshahara ulipoteza thamani kwa kasi, na familia za watumishi ziliendesha maisha kwa miradi: kuku, maandazi, barafu, cherehani barazani. Mazoea hayo yamebaki, wala si aibu. Tatizo la duka la mtumishi ni kwamba halifi. Duka la mkulima likipata hasara miezi mitatu hufungwa, na mwenyewe hujifunza. Duka la mwalimu likipata hasara hulishwa na mshahara. Kila mwisho wa mwezi huongezewa shilingi 70,000 za kuziba pengo. Kwa mwaka ni 840,000. Kwa kuwa mshahara umo katika mfuko mmoja wa akilini na duka katika mwingine, mwenyewe huendelea kusema kwamba ana biashara, wakati biashara ndiyo iliyo na yeye. Akishauriwa afunge, hujibu kwamba amekwisha kuweka fedha nyingi mno. Fedha iliyokwisha kuzama haiwezi kuwa sababu ya kuzamisha nyingine, lakini wasomi hujitetea kwa hoja hiyo sawasawa na mchuuzi wa mahindi, kwa Kiswahili kizuri zaidi.

Pengo likiwa kubwa, huja mkopo. Utaratibu wa serikali unataka mtumishi abakiwe na walau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Akifika mpaka huo benki hufunga mlango, na nje ya mlango husimama wale ambao wananchi wenyewe wamewapa jina la kausha damu. Mwenye shida hupewa 100,000 na kutakiwa arudishe 130,000 mwisho wa mwezi, naye huacha kadi yake ya benki na namba ya siri kama rehani. Asipoweza kurudisha yote hulipa 30,000 na deni hubaki palepale. Akifanya hivyo mwaka mzima amelipa 360,000, na bado anadaiwa 100,000. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwaweka wakopeshaji hawa chini ya leseni na usimamizi, lakini mtu anayekwenda kwao usiku hakuongozwa na sheria wala na hesabu. Wachunguzi wawili, Sendhil Mullainathan na Eldar Shafir, wameeleza katika kitabu chao cha mwaka 2013 kwamba uhaba huibana akili yenyewe: huona jambo la leo kwa ukali wa ajabu na hupofuka kwa la kesho. Katika majaribio yaliyofanywa kwa wakulima wa miwa wa Tamil Nadu, India, watu wale wale walifanya vibaya zaidi mitihani ya akili kabla ya mavuno, walipokuwa hawana kitu, kuliko baada ya mavuno. Mwalimu aliyekwisha kusahihisha madaftari tarehe 22 ya mwezi bila nauli mfukoni hahitaji kwenda India kulithibitisha.

Kama hali ya moyo hufuata msimu, basi shauri jema nalo lina msimu wake. Huko Busia tena, Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walikuta wakulima waliokusudia kwa dhati kununua mbolea, na wakati wa kupanda ulipofika fedha zilikuwa zimekwisha. Watafiti hawakuwapa mhadhara. Waliwafuata mara baada ya mavuno, fedha zikiwa bado nyumbani, wakawauzia mbolea mapema na kuwaahidi kuiletea nyumbani bila malipo. Punguzo hilo dogo, kwa kuwa lilikuja siku yake, liliongeza matumizi ya mbolea kwa kiwango kinachokaribia kile cha punguzo kubwa zaidi lililotolewa baadaye katika msimu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011, na Duflo na Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee, walipata Nobel mwaka 2019.

Kwa mtumishi wa halmashauri jambo hili ni la kazi za kila siku. Tangu mwaka 2018 sheria imezitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mabishano mengi yamekuwa juu ya nani apewe. Ni mara chache kuulizwa apewe lini, na marejesho yaanze lini. Mjini Kolkata, India, watafiti walilinganisha wakopaji walioanza kurejesha baada ya wiki mbili na walioachiwa miezi miwili kwanza. Walioachiwa miezi miwili walithubutu kununua vitendea kazi na biashara zao zilikua zaidi. Lakini miongoni mwao walioshindwa kulipa nao waliongezeka. Hapo hapana jibu la bure. Ofisa anayekipa kikundi cha Hanang mkopo mwezi Januari, wakati sare na madaftari ya watoto yanadaiwa na shamba linadai mbegu, ajue kwamba sehemu yake itavaliwa na sehemu itapandwa, hata kama andiko la mradi linasema cherehani. Ofisa anayetaka rejesho mwezi Machi kutoka kwa watu wanaovuna katikati ya mwaka amewaandalia njia ya kwenda kwa kausha damu.

Na mwalimu je? Katika mambo haya yote yeye ndiye anayeweza kufanya jambo bila kungoja waraka. Anaweza kumwambia mwenye duka, mwanzoni mwa mwezi, mbele ya wateja wengine, kiasi ambacho asiandikiwe zaidi yake. Akishasema yeye mwenyewe, mwenye duka ameondolewa ule uzito wa ulimi. Kukataa si utovu wa adabu tena, ni kutii alichoambiwa. Walimu wa shule moja wakikubaliana hivyo, na kila mmoja akapita dukani kabla ya kupita kwingine siku mshahara unapoingia, mtaji wa maduka mawili au matatu utarudi rafuni bila semina wala ruzuku.

Kuna jambo dogo zaidi hata ya hilo. Lori Beaman, Jeremy Magruder na Jonathan Robinson walichunguza biashara ndogo za Kenya zilizokosa mauzo kwa sababu ya kukosa chenji. Mteja ana noti kubwa, mwenye duka hana sarafu. Ama mteja anaondoka, ama duka linaachwa bila mtu wakati mwenyewe anazunguka kwa majirani kutafuta. Walikadiria kwamba kwa njia hiyo biashara hizo zilipoteza kati ya asilimia 5 na 8 ya faida. Kwa baadhi ya wenye biashara watafiti hawakufanya zaidi ya kupita kila wiki na kuuliza: wiki hii umekosa mauzo mangapi kwa ajili ya chenji? Hawakutoa fedha, hawakutoa somo. Baada ya muda wale waliokuwa wakiulizwa tu walianza kuweka sarafu nyingi zaidi asubuhi kabla ya kufungua mlango.